Nguzo Zinakonda

Ansigari Komba hakuwa mtu wa kuingia kazini kwa mtu bila tusi mdomoni. Kwa hiyo alipoingia chumba cha kuchambulia mawe asubuhi ile akiwa kimya, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya shati lake, Remigia alijua kuna jambo.

"Mngoni, umekuja kuiba nini leo?" alimwuliza, ili tu amsikie akijibu.

"Funga mlango kwanza, mtani."

Remigia akafunga. Ansigari alikuwa mlinzi wa nguzo wa Ukumbi wa Tatu, yeye na ngazi yake na ndoo yake. Mji wa Kitundu ulikuwa na kumbi nne zilizochongwa chini ya milima ya Mahenge, na kila ukumbi ulisimama kwa nguzo ishirini nyeupe ambazo hakuna fundi aliyezijenga. Zilikuzwa. Unapaka mbegu, yaani unga wa jiwe, unadondoshea maji ya mbegu kutwa kucha, na nguzo inakunywa, inanenepa, inaziba nyufa zake yenyewe. Watu elfu moja na mia mbili walikuwa wakilala chini ya nguzo hizo tangu jua la juu lilipoanza kuua ng'ombe, kisha watu. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

Ansigari alifungua shati. Ndani mlikuwa na kipande cheupe, kikubwa kama ngumi.

"Nguzo ya saba imekitema. Kwanza ulisikika mlio, kama mtu anavunja muwa. Kuangalia juu, hiki hapa. Kimenikosa kichwa kidogo tu."

"Kingekupata kingevunjika chenyewe."

Ansigari hakucheka. Remigia, aliyemtania mtu huyu miaka ishirini, na ambaye kwa mila yao ndiye angekuja kufanya vituko kwenye matanga yake siku akifa, aliacha utani hapo hapo.

"Unajua ile kamba ninayofunga kila nguzo," Ansigari alisema, "ile ambayo walinzi wenzangu wananichekea. Nguzo ikinenepa kamba inabana, naikata nafunga nyingine. Miaka yote nakata. Jana nimeikuta ya nguzo ya saba iko sakafuni."

"Imekatika."

"Fundo lake lipo. Imeteremka yenyewe, kama sketi ya mgonjwa."

Remigia alikichukua kile kipande. Kilikuwa kizito. Si kizito sana, ila mikono yake ilishika mawe tangu akiwa darasa la tano, mwaka aliotoka shule kumsaidia baba yake kuchimba vito vya spineli na rubi kwenye marumaru za milima hii hii, na mikono hiyo ilimwambia kwamba uzito umezidi ukubwa.

Akakiweka ndani ya mashine waliyoiita Msomaji. Mashine ilinguruma, ikatema karatasi. KARBONATI. KALSIAMU. SAFI. DARAJA LA KWANZA.

"Kumbe kizima," Ansigari alisema, na pumzi ikamtoka.

"Ngoja."

Alidondoshea tone la ndimu. Povu likachemka, kama linavyochemka kwenye karbonati yoyote ya chokaa. Hadi hapo jiwe na Msomaji walikubaliana. Kisha akachukua msumari wa shaba uliokuwa wa baba yake. Jiwe la nguzo ni laini, shaba huliachia mfereji. Alikwaruza kwa nguvu. Jiwe halikuchubuka. Msumari ndio uliochubuka, ukaacha mstari mwekundu juu ya weupe.

Akakwaruza tena, mahali pengine. Vilevile.

Akachukua nyundo ndogo. Jiwe la nguzo likigongwa hupasuka vipande vya pande sita, vimelala upande kama kisanduku kilichokaliwa. Hukosi, gonga mara mia litapasuka hivyo mara mia. Aligonga mara moja. Jiwe likatawanyika vijiti vyembamba kama sindano.

"Nini hicho?" Ansigari aliuliza.

"Sijui."

"Wewe ndiye mchambuzi."

"Nimesema sijui! Kemia ni ile ile. Ila hili si jiwe lile." Alitafuta namna ya kumweleza. "Umewahi kuuza nyanya? Nyanya hizo hizo, ukizimwaga tu sinia linajaa. Ukizipanga kila moja kwenye shimo la wenzake, sinia linabaki na nafasi. Hujaondoa hata moja. Msomaji anajua ni nyanya. Hajui zimepangwaje."

Zamani alijua. Msomaji aliletwa na macho mawili, moja la kusoma kemia na moja la kusoma mjengo, na kitabu cha mji kilikuwa na safu mbili kwa kila jiwe. Kabila lake kwanza, kama ni oksidi, salfaidi, silikati au karbonati, halafu mjengo wake. Jicho la pili lilikufa mwaka wa nne. Vipuri havikuwepo tena duniani. Halmashauri ikakaa, ikaona ni aibu kuwa na safu isiyojazwa kitu, ikaifuta safu.

"Kwa hiyo nguzo yangu inajipanga upya," Ansigari alisema polepole.

"Inajipanga, inakaza, inakonda. Na ikikonda inaachana na dari."

"Na ya nane? Ya tisa?"

Remigia alikuwa akitazama burashi yake.

Ilikuwa burashi ya katani, imening'inia kwenye msumari wake pale pale siku zote. Mchambuzi wa Kitundu ana burashi moja maisha yake yote. Haiazimwi na haioshwi, maana ikilowa inashika unga na kuharibu vipimo. Inakung'utwa mara tatu ukingoni mwa meza, basi, inahesabiwa ni safi. Wiki sita zilizopita wachimbaji wa kisima kipya walileta jiwe kutoka chini sana, jeupe, zito. Msomaji alisema karbonati. Remigia akalitupa kwenye pipa la karbonati, akafagia sinia kwa burashi hii, akakung'uta mara tatu. Kisha kwa burashi hii hii akafagia mbegu za nguzo. Siku ile ilikuwa zamu ya Ukumbi wa Tatu. Wiki iliyofuata zamu ya Kwanza. Kisha ya Pili. Kisha ya Nne.

"Mtani," Ansigari alisema, "mbona umekuwa hivyo?"

"Twende kwa Msajili," Remigia alisema.

*

Msajili wa Mawe, Fulgensi Magungu, alikuwa mtu nadhifu aliyenyoosha karatasi hata zikiwa zimenyooka. Alimwacha Ansigari nje ya ofisi. Alimsikiliza Remigia mpaka mwisho, akavishika vile vijiti kwa kitambaa.

"Jiwe zima likiguswa na hili, linageuka?"

"Likiwa limelowa maji ya mbegu, ndiyo. Chembe moja inatosha. Jirani anamwiga jirani."

"Na vumbi linatembea kwa viatu." Akafikiri kidogo tu. Jambo hilo lilimtisha Remigia kuliko mlio wa nguzo, kwamba alifikiri kidogo tu. "Ukumbi wa Tatu una watu mia mbili na sitini. Kumbi nyingine zina mia tisa na arobaini. Mlango wa Tatu utafungwa leo saa kumi."

"Na watu wake?"

"Nimesema utafungwa, Mama."

"Wakiwa ndani? Dari litawaangukia!"

"Labda. Labda halitaanguka." Alinyoosha karatasi. "Mimi si mnyama. Tutawapima mlangoni. Kila mtu ateme mate kwenye sahani, weka ndimu. Anayetoa povu ana vumbi kifuani, atabaki. Asiyetoa atoke. Si haki hiyo?"

Remigia alifungua mdomo. Kila mtu wa Kitundu alikuwa na vumbi la nguzo kifuani. Walilivuta usingizini, walilila kwenye ugali. Ndimu haijui vumbi zuri na vumbi baya, haijui mjengo, inajua kemia tu, kama Msomaji. Hakuna hata mmoja ambaye mate yake hayatachemka.

"Swali moja," Msajili alisema. "Liliingiaje kwenye mbegu?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kusema kweli, uko wazi. Akisema burashi, basi kumbi zote nne zina ugonjwa, kufunga mmoja ni kazi bure, na dawa ni moja tu, watu wote wapande juu. Ngazi elfu mbili na mia tatu, lifti ilikufa zamani. Na juu kuna jua. Mama yake alikuwa Ukumbi wa Kwanza, kitandani, miguu imekufa mwaka wa tatu huu. Na anayeharibu nguzo, sheria ya mji inajulikana. Anapandishwa juu saa sita mchana, peke yake.

Asiposema, Ukumbi wa Kwanza utalala salama leo. Labda na kesho. Labda burashi ilikung'utika vizuri. Labda chembe zote ziliishia Ukumbi wa Tatu.

"Sijui," alisema.

"Basi uje saa kumi. Sheria inataka alama ya kidole cha mchambuzi kwenye kufuli."

Nje, Ansigari alikuwa amechuchumaa. "Kasemaje?"

"Kasema mkusanyike mlangoni saa kumi. Mtapimwa."

"Halafu?"

"Halafu mtapimwa, nimekwambia! Una maswali kama mkwe." Akaondoka haraka asimwone usoni.

*

Alikwenda kwa mama yake. Hakuwa na sababu, miguu ilimpeleka tu. Bi Teodosia alikuwa ameegemea mto, ana hasira, jambo lililokuwa dalili ya afya.

"Umekuja wakati mambo yameshaharibika. Angalia vikombe vyangu."

Vikombe vitatu vya bati vilikuwa sakafuni, kimoja kimebonyea.

"Nani ameviangusha?"

"Nani! Mimi nitaviangusha kwa miguu gani? Ni fundo lako. Nilikwambia unafunga kama mtu anayefukuzwa."

Kitanda cha Bi Teodosia kilikuwa kando ya nguzo ya kumi na moja. Remigia alikuwa amezungushia nguzo hiyo kamba ya manila, mama aweze kutundika vikombe karibu na mkono wake. Aliifunga Pasaka. Ilibana kiasi cha kupiga kelele ukiigusa.

Sasa ilikuwa chini, imezunguka kitako cha nguzo kama nyoka aliyelala. Remigia aliinama akaiokota. Fundo lilikuwa zima.

Akaitazama nguzo. Ilikuwa nyeupe na safi, maji ya mbegu yakiteremka juu yake taratibu kama siku zote. Mkono wake ulikataa kutoa msumari wa shaba mfukoni. Aliulazimisha. Akakwaruza.

Mstari mwekundu.

"Unafanya nini?" mama yake aliuliza. "Remi? Unalia?"

"Vumbi, mama."

"Mimi nimezaa watoto watano, najua vumbi na najua kilio." Bi Teodosia akamtazama vizuri. "Kuna mtu kafa?"

"Bado."

"Basi usikae hapa kunililia mimi. Kama bado, una kazi. Nenda. Na hiyo kamba uirudishe, si ya kuchezea."

Remigia aliitia kamba mfukoni. Juu yao, mbali, ndani ya weupe, kitu kilisikika kama muwa unavunjika. Watu wa Ukumbi wa Kwanza waliinua vichwa kidogo, kisha wakaendelea kupika.

*

Saa kumi, watu mia mbili na sitini walikuwa wamepanga mstari ndani ya mlango wa Tatu, wamebeba watoto, wanauliza na hawajibiwi. Msajili alisimama nje na askari sita. Kwenye meza kulikuwa na chupa ya ndimu na rundo la sahani. Remigia aliwekwa mezani.

Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mimba. Akatema. Remigia akadondosha. Povu.

"Rudi ndani," Msajili alisema.

"Nirudi kwa nini? Mimi siumwi."

"Rudi ndani, Mama."

Wa pili, povu. Wa tatu, mtoto, povu. Minong'ono ikaanza, ule mngurumo wa watu wanaoanza kuelewa. Wa nne alikuwa Ansigari. Alitazama sahani zile tatu, akatazama lile komeo kubwa la mlango, kisha akamtazama Remigia. Alielewa yote.

"Kumbe ni hivi," alisema kwa sauti ya kawaida. "Siku zote nilijua Mpogoro huyu atanizika. Sikujua ana haraka."

Mtu mmoja nyuma akacheka, maana ndiyo desturi, mtani akisema watu hucheka. Kicheko kilikufa kilipo.

"Tema," Msajili alisema.

Ansigari akatema. Remigia alishika chupa. Hakudondosha. Alichukua sahani mpya, akaigeukia meza upande wa pili, akaisogeza mbele ya Msajili.

"Tema wewe."

"Unasema nini?"

"Tema, Bwana Msajili. Hata wewe unapumua."

"Mimi ni wa Ukumbi wa Pili. Fanya kazi yako."

"Basi huna cha kuogopa."

Askari walimtazama Msajili. Watu mia mbili na sitini walimtazama. Fulgensi Magungu akatema, kwa dharau, kama mtu anayetemea jalala. Remigia akadondosha tone.

Likachemka.

Msajili alikitazama kile kipovu kidogo mpaka kikaisha.

"Kila mtu wa mji huu anatoa povu," Remigia alisema. "Ndimu inasema tumevuta chokaa, na wote tumevuta. Chokaa ipi, haiwezi kusema. Na kufunga mlango huu hakusaidii. Uliniuliza jiwe limeingiaje, nikasema sijui. Ninajua. Limeingia kwa burashi yangu. Nilifagilia jiwe la kisima kipya, nikakung'uta mara tatu kama tulivyofundishwa, nikafagilia mbegu za kumbi zote. Zote nne." Akatoa kamba ya manila, akaipandisha juu wote waione. "Hii nimeitoa Ukumbi wa Kwanza sasa hivi. Ilikuwa imebana nguzo ya mama yangu. Imeanguka, fundo zima."

"Unajua unachokiri?" Msajili alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nakijua. Nipandishe juu saa yoyote unayotaka. Lakini wapandishe na wengine wote."

"Juu kuna jua!"

"Na huku kuna dari."

Wakati huo nguzo ya saba ikajibu. Safari hii haukuwa muwa. Ulikuwa mlio mrefu, wa chini, uliopanda kwenye nyayo kabla haujafika masikioni, na kutoka kwenye kichwa cha nguzo, pale inapogusana na dari, likashuka pazia jembamba la unga. Kati ya nguzo na dari palionekana ufa mweusi. Mtoto angeweza kuingiza mkono.

Askari wa mwisho upande wa kulia alikuwa wa kwanza kukimbia. Alikimbilia ngazini. Msajili akabaki na karatasi yake mkononi, akaikunja mara mbili vizuri, akaitia mfukoni.

"Pigeni kengele za kumbi zote," alisema.

Remigia hakungoja. Alikuwa tayari anakimbia kuelekea Ukumbi wa Kwanza, na alisikia viatu nyuma yake. Alipofika kitandani Ansigari alikuwa ameshampita, ameinama, mgongo uko wazi.

"Panda, Mama," alimwambia Bi Teodosia. "Punda wa Kingoni huyu, hana nauli."

"Unanuka," Bi Teodosia alisema, akamshika shingoni.

*

Walipanda mpaka asubuhi. Wengine walikaa kwenye ngazi wakakataa kuendelea, na wengine wakawavuta. Mara mbili mlima ulitikisika chini yao, na mara ya pili hewa ilipanda kwa nguvu kutoka kilindini, imejaa unga mweupe, ikawapaka wote nywele na nyusi. Hakuna aliyeuliza ni ukumbi gani. Ansigari aliacha kutania kwenye ngazi ya mia tisa. Aliyapeleka magoti yake mbele moja moja.

Lango la juu lilikuwa limekula kutu. Wanaume kumi walilisukuma. Kila mtu alifunika macho, akingoja moto.

Ikaingia baridi. Kisha harufu ambayo watoto wa Kitundu hawakuijua na wakubwa waliijua mara moja, wakaanza kulia.

Mvua. Ilikuwa inanyesha, nene, ya mfululizo, chini ya mawingu meusi. Watu walitoka wakisukumana. Walipanua midomo. Mwanamke mwenye mimba alikaa chini kwenye matope akicheka. Ule unga mweupe ulianza kuwateremka usoni, mabegani, miguuni, ukachirizika ardhini kama maziwa. Ansigari alimweka Bi Teodosia juu ya jiwe kubwa, akalala chali pembeni, mdomo wazi.

Remigia peke yake hakufurahi. Alikuwa anafuata yale maziwa kwa macho. Yalichirizika kutoka kwenye miguu ya watu elfu moja na zaidi, yakashuka kwenye mteremko, yakaingia kwenye nyufa za mwamba. Mwamba ulikuwa mweupe. Kilima chote kilikuwa cheupe, na kilichofuata, na kilichofuata. Marumaru. Baba yake alimfundisha akiwa mdogo, hapa hapa: marumaru ni karbonati ya chokaa, mwanangu, nguzo ya Mungu mwenyewe.

Kemia ile ile.

Maji ya mvua si maji ya mbegu, alijiambia. Labda hayatoshi. Labda.

Alipiga magoti kando ya jiwe alilokaa mama yake. Akatoa msumari wa shaba, akakwaruza. Msumari ukazama, ukaacha mfereji mzuri, mweupe, laini. Alikwaruza pengine. Laini. Lilikuwa jiwe zima.

"Unatafuta nini tena?" Bi Teodosia aliuliza. "Tumeshatoka."

Remigia alitoa kamba ya manila mfukoni, akaizungusha kwenye pembe ya jiwe iliyochomoza kama kisiki, akavuta kwa nguvu zake zote, akafunga fundo, na juu yake akafunga la pili. Ikabana mpaka ikatoa mlio alipoigusa kwa kidole.

Kisha akakaa chini kwenye mvua, akaanza kuiangalia.